Kimya cha Mwanasesere

Jumanne, baada ya magharibi

Nimekipiga kofi kisimbuzi bure leo. Kwenye kipindi cha watoto mwanasesere aliuliza, "Ndizi ngapi?" kisha akanyamaza, nikadhani picha imeganda.

"Bibi, wacha! Ananingoja mimi," akasema mjukuu wangu Rukia, huyu anayetutia wasiwasi kwa kutosema na watu. "Tatu!"

Mwanasesere akashangilia. Ufundi ulioje! Redio ya utotoni mwangu haikumngoja mtu. Na mimi, niliyefundisha chekechea hapa Chumbageni mpaka nikastaafu, sikungoja hivyo. Hata shikamoo huwa namsemea Rukia.

Jioni aliingia jirani yetu, Mama Saumu. Nikafunga mdomo. Rukia akatazama miguu yake, muda mrefu mpaka nikaona aibu, nikataka...

"Shikamoo," akasema mwenyewe.