Nilibadilisha Sabuni ya Mama, Wifi Yangu Akalaumiwa

Kwako Bi Mwanamisi,

Nisaidie kabla Jumamosi ya wiki ijayo haijafika, maana siku hiyo jamaa zetu wanakutana Gitothua kumjadili mke wa ndugu yangu kwa kosa nililolitenda mimi, na hadi leo sijamwambia mtu, hata mume wangu.

Nina miaka arobaini na sita, naishi Ngoingwa, na nimeajiriwa katika duka la vipodozi hapa Thika mjini. Mamangu ana miaka sabini na minne, mwaka jana alianguka akavunjika nyonga, na tangu hapo hawezi kuoga peke yake. Anakaa Gitothua, huko Ruiru, kwa ndugu yangu mdogo Muoki, na anayemwogesha ni Trizah, mke wa Muoki, msichana wa Murang'a asiyejua Kikamba zaidi ya salamu. Mimi kwa vile nauza sabuni niliona hilo la kuoga ni langu, kwa hivyo kila mwisho wa mwezi nilimpelekea mama chupa ya sabuni ya maji, ile ya bei, yenye harufu ya waridi, naye alishukuru kila mara, na kila mara nilidhani anaitumia.

Kumbe Trizah alikuwa amemwanzishia shughuli nyingine. Ngozi ya mama imekauka kwa uzee na inamwasha, basi Trizah akanunua kioskini sabuni nne za kawaida, zile zile tulizokua tukiogea sote, akamwambia mama kila moja itapewa wiki mbili na yeye mama ndiye atakayetoa maksi. Nyekundu ya dawa mama aliikataa siku ya tatu, akasema inamnukisha wadi. Ya kijani ya ndimu aliipenda kwa harufu lakini ilimpausha magoti. Nyeupe ya watoto ilikuwa laini, ila ikilowa inageuka uji, haimalizi siku nne. Iliyoshinda ni ya manjano, ile ya kipande kirefu, ambayo Trizah huikata kwa uzi na kuianika hadi iwe ngumu, kisha anampa mama kipande kinachoenea kiganjani ajipake mwenyewe kifua na mikono.

Haya yote niliyajua Jumapili moja nilipofika nikasikia kicheko bafuni. Bi Mwanamisi, mamangu si mtu wa kucheka, mimi ni kifungua mimba wake na naweza kukuhesabia siku nilizomwona akicheka, na hapo alikuwa anacheka hadi anakohoa. Trizah anasema, "Maitu, tulia, bado shingo!" na mama anajibu, "Mwaitu, utanimaliza mgongo!" Mmoja Kikikuyu, mwingine Kikamba, na maneno yote mawili maana yake ni mama yangu. Mimi huniita kwa jina langu tu. Nikakaa kwenye kochi na chupa yangu mapajani kama mgeni aliyekosea nyumba, na nilipoingia bafuni baadaye nikaona chupa zangu tano zimepangwa dirishani, zina vumbi, hakuna hata moja iliyofunguliwa.

Nikamuuliza mama kwa nini. Akasema, "Ni nzuri, lakini inateleza, inaniponyoka. Hii ya Trizah naishika."

Hii ya Trizah. Neno hilo lilinichoma wiki nzima, dukani nawauzia watu huku nalisikia, mume wangu akiniongelesha nalisikia, na Jumamosi nikaenda soko la Makongeni nikanunua kipande cha sabuni ya kufulia ovaroli, ile kali ya kupimwa isiyo na jina, ya rangi ile ile ya manjano, nikaikata ikatoshana na ile ya mama. Jumapili Trizah na Muoki walipokuwa kanisani na watoto nikaiweka kwenye kisahani, ile nyingine nikaitia mkobani nikaenda kuitupa mbali. Nilijiambia itamwasha kidogo tu, atarudi kwa sabuni yangu, basi.

Haikuwa kidogo. Alhamisi Muoki alinipigia akasema mama ana malengelenge mapajani, amejikuna hadi damu, wako kliniki. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Si mlimnunulia sabuni za kioski? Mlitarajia nini?" Muoki akamgombeza Trizah mbele ya wagonjwa. Mimi nikaenda na teksi nikamchukua mama kwangu, na kila mtu akanisifu.

Sasa ni wiki ya tatu. Vidonda vinapona polepole. Namwogesha kwa ile sabuni yangu na yeye anakaa kimya, nikimaliza anasema "Asante" kama anamwambia muuguzi. Shangazi yetu Kavindu amesema Trizah arudi kwa wazazi wake hadi aeleze alimpaka mama nini, na hilo ndilo wanalokuja kuamua. Juzi Jumatano Trizah mwenyewe alikuja hadi mlangoni kwangu, akakataa kuingia, akanipa sabuni tatu zilizofungwa kwa gazeti. Akasema, "Dada, sijui nilikosea wapi. Labda ile nilimpa kabla haijakauka vizuri. Jaribu hizi, labda ya watoto haitamuumiza." Kisha akasema siku hizi mtoto wake mdogo anaogeshwa na Muoki, kwa sababu yeye anaogopa mikono yake.

Nikamwambia, "Sawa, nitaona." Nikafunga mlango.

Nikisema ukweli nitampoteza mama, ndugu yangu na heshima yangu. Nikinyamaza, Trizah ataondoka na watoto watabaki bila mama. Nifanye nini?

Ninayeungua,
Ngoingwa

*

MWANAMISI ANAJIBU

Dada wa Ngoingwa, barua yako ilinifikia Jumatatu, na kwa kuwa gazeti hili halingetoka kabla ya Jumamosi, nilikupigia kwa nambari uliyoiacha. Umeniruhusu niyachape tuliyozungumza, ili mwingine mwenye kipande cha sabuni mkobani ajisomee.

Kwanza nilikuuliza kama daktari anajua ni sabuni gani. Ukasema hajui. Wiki tatu mtu anatibu ngozi ya mamako kwa kubahatisha, na wewe unayejua umekaa kando yake umeshika kadi ya kliniki! Nikakuambia ukate simu yangu uende kliniki siku ile ile, ukaseme. Nashukuru ulienda.

Ulipopiga tena ulikuwa unalia, ukaniomba, "Naweza kumwambia Trizah peke yake, kimya kimya?" Nikakataa, na ningekataa leo pia. Trizah aligombezwa mbele ya wagonjwa. Jina lake limezungushwa kwa mashangazi wote. Ukimtakasa jikoni, wote wale watabaki wakimwona mkosaji, na wewe utakuwa umemwongezea mzigo wa kukutunzia siri. Nilikuambia umwambie yeye kwanza kabla ya Jumamosi, mumewe akiwa ameketi hapo, halafu Jumamosi usimame useme tena mbele ya jamaa wote. Na nilikukanya usiseme shetani alikupitia. Sokoni hukwenda na shetani. Ulikwenda na mkoba wako.

Najua unapoumia. Mtoto wa kwanza hulea wenzake kabla hajamaliza kulelewa, na wakati mama anapolainika kwa uzee, ulaini ule unampata mwingine. Hilo ni chungu, na hakuna atakayekupa pole kwa sababu hakuna anayeliona. Mimi nakupa pole. Lakini Trizah hakukuibia chochote. Alijaribu sabuni nne, akamsikiliza mzee kila moja inamfanya ahisi vipi, akaandika moyoni. Wewe ulipeleka chupa tano na hukuuliza swali hata moja. Mkono wa mtu wa miaka sabini na minne unataka kitu cha kushika. Muuza sabuni mzima, hilo ulihitaji kuambiwa?

Jumapili ulinitumia ujumbe mrefu. Ulisema Alhamisi ulikwenda Gitothua ukasema. Muoki alitoka nje akakaa kwenye ngazi saa nzima. Trizah hakupiga kelele, alikuuliza kitu kimoja tu, "Siku ile nilipokuja kwako, ulikuwa unajua?" Ukajibu ndiyo. Akaingia chumbani, na hadi leo hajakusemesha. Jumamosi ulisimama ukarudia, Shangazi Kavindu akakuambia ukae chini kabla hujamaliza, ukakataa kukaa hadi ukamaliza. Halafu mamako akaulizwa anataka kuishi wapi. Akasema, "Gitothua." Akaongeza kwamba yeye alihisi tangu siku ya kwanza kuwa kipande kile si chake, kilikuwa kizito, lakini alinyamaza kwa sababu aliyekuwa nyumbani Jumapili ile ni wewe tu. Yaani wiki tatu zile unazomwogesha akiwa kimya, alikuwa anakungoja useme.

Sasa unaniuliza Trizah atakusamehe lini, na kama umtumie zawadi.

Usitume zawadi. Hasa usitume kitu kutoka dukani kwako. Na usimuulize habari ya msamaha, maana ukimuuliza utakuwa unamwomba akutulize wewe, baada ya yote uliyomfanyia. Mpigie Muoki, umwombe siku moja ya katikati ya wiki, si Jumapili yenye chai na wageni. Siku hiyo nenda mapema, ufue shuka za mamako, uchemshe maji, uyabebe hadi mlango wa bafu, uyaweke chini. Trizah asipokualika ndani usiingie. Shangazi Kavindu naye mtembelee, umwambie neno alilolipeleka kwa jamaa kuhusu Trizah alirudishe yeye mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na uandamane naye. Mumeo mweleze leo, kabla hajaambiwa na mwingine.

Wivu utarudi, hata ukiwa umebeba yale maji. Ukija, mwambie mamako kwa mdomo wako kwamba unamwonea wivu Trizah. Una miaka arobaini na sita, hujawahi kumwambia mamako unataka nini kwake, na sidhani kama yeye anaweza kukisia.

Trizah akikupa kazi, ifanye. Asipokupa, salimia watu urudi Ngoingwa, na wiki inayofuata uende tena.