Dada Yangu Kisimani

Hamisi mjukuu wangu, mume wangu wa Nairobi,

Salamu zako zimefika. Sisi huku Msambweni tu wazima, mamako amepona homa, na mihogo imekubali mwaka huu. Umeniuliza kama yuko mwingine katika ukoo wetu mwenye maradhi haya yako ya kuosha mikono bila kukoma, na kwa nini uendelee kumeza vidonge "kama mwendawazimu".

Alikuwako dada yangu Mwanasiti. Miaka ya hamsini, mimi kigoli, yeye alikuwa akitawadha kisimani mpaka jua likachomoza na sala ikampita. Mwalimu wa chuo cha Kurani akamfundisha atawadhe kwa kata moja tu ya maji, kisha asali hivyo hivyo, hata akiwa na shaka kuwa hajatakata, na mama akae naye. Ilimtoa machozi, lakini alianza kuwahi sala.

Kisha ikaja posa yake kutoka kijiji cha Jego. Mwanasiti akamwambia mama, "Usikae nami tena. Mtu mzima hachungwi kisimani."

Wageni wa posa hawakujua lolote. Aibu alijitia mwenyewe. Siku walipokuja walikula, wakangoja, wakaaga, naye yuko kisimani. Hakuolewa, wala hakukubali tena mtu akae naye.

Sina la kukuamrisha, mume wangu. Mwanasiti tulishamzika zamani. Lakini hata leo, alfajiri nikisikia maji yakimwagika kwa jirani, huwa namngoja amalize.

Bibi yako,
Mwanatumu