Mama Fanny Ana Homa, Gari Linabaki

Barua hii niliipokea kwenye safu yangu ya ushauri wakati barabara ya Lulimba ilikuwa na watu wenye bunduki kila kilima. Niliijibu siku ileile, nikampa mtu ninayemwamini aipeleke mkononi, sikuichapa. Naichapa leo kwa sababu wote waliomo wameshahama, na majina niliyoweka si yao.

Mama Suzanne mpendwa,

Naomba unisaidie haraka, kwa sababu nimefanya jambo leo Jumatatu na Jumatano litalipuka, na mpaka sasa sijui kama nitacheka au nitalia.

Mimi ni sekretari wa shirika moja la dawa hapa Baraka, na bwana wangu Anatole yuko biro hiyohiyo, yaani ofisi moja nami, yeye ndiye anayepanga safari za gari la kupeleka dawa Lulimba, tulifunga ndoa kwenye kambi ya wakimbizi ya Lugufu, Tanzania, tukarudi pamoja, na sijawahi kumwazia vibaya. Kazi yangu mojawapo ni kusafisha programu ya barua pepe ya biro, maana kila mfanyakazi ana kadi za watu wake humo, jina, namba, siku ya kuzaliwa na kundi, tena ana kalenda yake, mimi naunganisha majina yaliyoandikwa mara mbili na kuweka kengele za kukumbusha mikutano, ndiyo maana naweza kufungua za wote. Basi nikafungua za Anatole nikakuta kadi ya mwanamke anaitwa Mama Fanny, na kundi lake limeandikwa Familia. Mama, sisi hatuna Mama Fanny katika familia, si kwao Fizi wala kwetu Swima. Nikatafuta kadi yangu mimi, nikaikuta kwenye Wafanyakazi, katikati ya dereva na mlinzi, na mahali pa siku ya kuzaliwa pako tupu.

Nikaingia kwenye kalenda. Siku moja kabla ya kila safari ya Lulimba pameandikwa "Kupigia Mama Fanny", na alama ya kufuli ili wengine wasione, na chini yake maneno mafupi, "Ana homa, tunabaki", au "Mzima, tunaenda". Yaani mwanamke huyo akiwa na homa bwana wangu hasafiri, anashinda Baraka amenuna, na mimi nilipougua malaria, natetemeka mpaka kitanda kinalia, aliniambia, "Kunywa dawa, mi narudi samedi," yaani Jumamosi, akapanda gari akaenda. Homa yake inasimamisha gari, homa yangu haikusimamisha hata baiskeli.

Nilitafuta kwenye simu yake alipokuwa anaoga, namba hiyo haimo, anaiweka kwenye kompyuta ya biro tu. Nikaona nisife na donge, nikamwuliza.

"Mama Fanny ni nani?"

"Ni mama moya wa kule. Achana naye."

"Kule wapi? Mi niko bibi yako. Kama mi siulize, nani ataulizaka?"

"Constance, ile kitu usiulizake. Hata kwa kanisa usiitaje."

Hata kwa kanisa. Basi nikaitaja kwa kwaya nzima, na Aline, tunayeimba naye sauti ya kwanza, akaniambia, "Dada, bwana akifichaka namba mu ordinatere, iko na mutoto kule."

Sasa sikia nilichofanya. Nimeifuta kadi ya Mama Fanny, imeingia kwenye korbei, lile pipa la vitu vilivyofutwa, na pipa sijalimwaga kwa sababu nataka ushahidi wa kuwaonyesha wakwe zangu. Halafu nimetengeneza kadi nyingine, jina lilelile, kundi lilelile, ila namba ni ya SIM yangu mpya ambayo Anatole haijui. Jumatano atapiga kwa simu ya biro akisoma namba kwenye kompyuta kama kawaida yake, na itaita ndani ya mkoba wangu, mimi nikiwa nje uani. Nimeshajizoeza sauti. Nitamwambia niko mzima sana, ili afurahi aseme yote, nisikie anavyomwita. Je, mama, nimwache aongee mpaka mwisho, au nimkate katikati nimwambie ni mimi? Wivu unaniunguza, niokoe.

Constance, Baraka

Constance,

Kabla hujaendelea kusoma, nenda biro. Fungua hilo pipa, rudisha kadi ya zamani mahali pake, futa ile uliyotengeneza wewe, na uangalie kama kengele ya Jumatano bado ipo. Mengine utayasoma ukirudi.

Umerudi? Kaa sasa nikugombeze.

Ni mapenzi gani hayo yanayokuja tu siku moja kabla ya gari kwenda Lulimba? Mwanaume mwenye mwanamke wa nje hutafuta sababu ya kusafiri. Wako anatafuta kujua kama asafiri. Huyo Mama Fanny anakaa karibu na barabara ile, anaona nani amepita na nani amejificha porini. Akisema ana homa, njia ina bunduki. Akisema ni mzima, gari linapita. Na wewe umejizoeza sauti ili umwambie bwana wako kwamba u mzima sana. Rudia maneno hayo polepole, kisha umfikirie na dereva, ambaye ana mke asiyejua hata kama kuna kompyuta.

Unauliza kwa nini namba haimo kwenye simu yake. Binti yangu, wewe hujapita bariyeri, vile vizuizi vya wenye bunduki, siku hizi? Wanachukua simu, wanapekua jina moja moja, na wakikuta namba ya mtu wa kijiji cha mbele, huyo ndiye wanaenda kumuuliza kwanza. Anatole anaiacha biro ili akikamatwa yeye, mwenzake asikamatwe pia. Ameiweka kwenye Familia ili anayechungulia aone shangazi na apite, lakini wewe hukupita. Huenda Mama Fanny ni bibi kizee anayelima mihogo. Huenda ni mwanaume mwenye ndevu na ng'ombe wake, wa kabila jingine la milimani, ambaye kwaya yako isingempa hata mkono. Sijui, na sitaki kujua. Wewe pia usiulize.

Wivu wako umekusaidia kwa jambo moja tu, kwamba hukumwaga pipa. Mshukuru Mungu kwa hilo na hiyo SIM uizime. Kisha mwambie Anatole yote, kwa mdomo, mkiwa wawili, usimwandikie. Atakasirika, na ana haki. Mwache akasirike mpaka amalize.

Akishamaliza, ni zamu yako, maana naye hakosi lawama. Kumwambia mke "achana naye" na kuondoka ni kumpa kiberiti na majani makavu. Angesema "ni kazi, ni hatari, niamini," ungenyamaza. Na ile siku ya kuzaliwa iliyo tupu haina uhusiano na vita yoyote ya Kongo. Hapo mgombeze kwa nguvu zako zote, halafu uijaze mwenyewe, uiweke irudie kila mwaka, na kengele ilie wiki nzima kabla.

Limebaki jambo la kwaya, ambalo hakuna pipa la kulirudisha. Umeshamtaja Mama Fanny kwa watu, na sasa utatamani kwenda kumsafisha jina. Usithubutu. Ukianza kumtetea, watauliza kwa nini, na watu wa kuuliza hawakosekani Baraka. Acha waamini ni mwanamke wa nje. Aline akikuhurumia, pokea huruma yake. Wakikucheka kisimani, waache wakucheke. Ulianza wivu kwa ujinga, sasa uendelee nao kwa akili, kwa sauti, mpaka barabara itulie.

Mama Suzanne

Wiki iliyofuata Constance alikuja mwenyewe. Jumatano ile Anatole alipiga, na Mama Fanny alikuwa na homa kali, kwa hiyo gari lilibaki Baraka. Lori la wafanyabiashara ambao hawakuwa na mtu wa kumpigia liliondoka kesho yake asubuhi, likachomwa njiani. Jumapili, baada ya ibada, Constance alisimama mbele ya kwaya akalia kwa sababu ya huyo mwanamke anayemwibia bwana, na wenzake wote wakamshika mabega. Aliniambia machozi hayakumpa shida kutoka.