Ruhusa ya Kupanda

Jumanne, jioni

Leo ndipo mama mkwe amenipa ruhusa ya kupanda. Leo! Mvua imekatika wiki tatu sasa, na shamba linaunguza nyayo.

Mbegu hii ya mtama mama yangu alinipa kule kwetu Merikit tangu mwezi wa pili. Haiogopi baridi ya alfajiri. Unaipanda mapema, ukame ukifika mtama umeshakomaa. Lakini hapa Buteba, katika boma hili, mke wa mwana hapandi kabla mama mwenye boma hajatia mbegu yake ardhini. Naye alikuwa anangoja mvua kubwa; haikuja, ndipo leo akatia yake.

Nilimsihi mara mbili. "Una haraka gani, mwanangu?" akaniuliza. Mume wangu akatazama pembeni. Hilo ndilo linaloniuma kuliko...

Basi. Nekesa, jirani yetu, hana mama mkwe. Mtama wake umeshatoa masuke.

Sikwenda shambani. Nimepepeta mbegu, majivu ya kuzuia wadudu yakatoka, nimeisaga yote, nimepika uji. Watoto walikodolea sufuria macho, lakini kikombe cha kwanza nimempelekea mama mkwe. Si mkubwa ndiye huanza?