Kapsuli Mtungini

Mama mpenzi,

Ejok! Ndivyo tunavyosalimiana huku Kakuma, kwenye joto linalokausha leso kabla hujaianika. Leo mwenyeji wangu, Akiru, alichota maji kwenye shimo la mchanga mtoni, akafungua kapsuli ya antibiotiki na kumwaga unga wake mtungini.

“Kila siku?” nikauliza.

Akacheka. “Wewe msomi mzima! Naua kuhara mapema, kusifike kwa mtoto.”

Nilipigwa na butwaa. Mwanawe tayari anahara, na zahanati imesema vijidudu vimeizoea dawa hiyohiyo. Nikamweleza kwamba vijidudu huizoea dawa mtoto akiinywa kidogokidogo hivyo.

“Kwa hivyo ni mimi?”

Nikamshika mkono, tukaondoka. Tuko njiani kwenda hospitali ya Lodwar, nimempakata mtoto, mwepesi mno. Mwombee, Mama, kama unavyoniombea mimi.

Nanjala wako