Rodaje ya Gari la Mwalimu

Kabonga, Jumamosi alasiri, 1972. Jua kali, upepo hakuna, ziwa limetulia. Mimi sijatulia. Unisamehe mwandiko mbaya, daftari langu.

Nimesali mara tatu leo. Mara zote sikufika amina.

Kamioneti hii ninayoegemea, gari dogo la mizigo, ni ya Mwalimu Zakaria. Kule Rumonge tunaimba naye kwaya moja, yeye sauti ya besi, mimi ya tenori. Aliinunua ikiwa imekufa, akaniletea. Miezi miwili niliihangaikia: pistoni mpya, ringi mpya, kila chuma nimekiosha na kukipima kwa mikono yangu. Ni injini ya kwanza niliyoifungua na kuifunga peke yangu, bila mkubwa kunisimamia mgongoni. Siku ilipowaka, Mwalimu alivua kofia kama yuko kanisani.

Injini ya namna hii haikimbizwi. Inafanyiwa rodaje: kilometa elfu moja za mwanzo unaiendesha polepole, bila mzigo, bila kuibana mlimani, mpaka vyuma vizoeane. Halafu unamwaga mafuta yale ya kwanza yenye unga wa chuma, unaweka mengine. Ukiharakisha, inakamata, vyuma vinagandana, na kazi yote imekwisha.

Mwaka jana, mkubwa akinisimamia, nilitengeneza gari la mfanyabiashara mmoja. Akalijaza magunia siku ya pili tu, likakamata njiani. Sokoni wakaniita Fundi Kilometa Kumi. Mama wa ndagala, wale wauza samaki wadogo wa ziwani, walikuwa wananiuliza, "Fundi, la leo ni la kufika wapi? Mpaka kanisani ama unatufikisha hata kwa padri, pale nyuma yake?" Nilicheka nao. Sikusahau.

Kwa hiyo gari la Mwalimu nililifanyia rodaje mimi mwenyewe. Rumonge mpaka msitu wa Kigwena, nageuka, narudi, naenda tena. Hata askari walipoweka mti wa kuzuia njia pale Kigwena, na watu wakaanza kuchukuliwa majumbani, sikuacha. Askari wakanizoea. "Huyo tena na konokono yake," walikuwa wanasema.

Jumatatu Mwalimu alikuja baada ya shule, chaki bado iko kwenye mkono wa shati. Alishika mlango wa gari akauliza kwa sauti ndogo, "Fundi, nikiondoka leo na mke wangu na watoto wanne mpaka kule Kabonga mpakani, itakubali?"

"Bado kilometa mia mbili, Mwalimu. Watu sita, na haraka? Utaiua. Ngoja Alhamisi. Alhamisi nakukabidhi gari la kweli."

Akauachia mlango. "Sawa. Wewe ndiye unajua."

Wewe ndiye unajua.

Hakusema kwamba anakimbia. Sikumuuliza. Lakini nilijua, na nataka niandike hapa waziwazi: nilijua. Wiki ile askari walikuwa wamechukua walimu wawili wa shule ya jirani, na hakuna aliyerudi. Mtu ananiuliza juu ya watoto wake, mimi namjibu juu ya pistoni. Niliogopa kuchekwa sokoni.

Alhamisi asubuhi nilikuwa chini ya gari, namwaga yale mafuta, nikasikia watu wakisema Mwalimu ametolewa darasani. Watoto wa shule walimwona akipandishwa lori. Kitabu cha hesabu bado kilikuwa mkononi.

Nilimaliza kumwaga mafuta. Nikaweka mengine. Sijui kwa nini nilimaliza.

Jana nilienda Kigwena na kurudi kama siku zote, ili wasione kitu kimebadilika. Leo nimembeba Mama Eliya, mke wa Mwalimu, na watoto, nimewalaza nyuma chini ya turubai na magunia matupu ya ndagala. Kwenye mti nilikwenda mwendo uleule wa rodaje, mkono mmoja nje ya dirisha.

"Fundi, konokono yako haikui tu?" askari akauliza.

"Leo ndiyo inakua, shefu. Naivusha hapa kidogo, nisikie sauti yake."

Akacheka, akainua mti. Hakuangalia nyuma ya gari.

Tulipoumaliza msitu nilisimama, Mama Eliya akaja mbele na yule mdogo kwenye magoti. Kisha nikakanyaga mafuta mpaka chini. Sijawahi kuendesha hivyo. Mlima, mashimo, sikuihurumia. Haikukohoa. Maji hayakuchemka. Na nitaandika hata hili, maana nisipoliandika litaniozea ndani: kuna mahali moyoni mwangu palipotaka ikohoe, kidogo tu, nionekane nilisema ukweli. Watoto wanne garini, na mimi natafuta kushinda. Mungu anisamehe.

Hapo ndipo Mama Eliya aliponiuliza. Hakuuliza kwa ubaya.

"Fundi, gari iko na nguvu hivi. Mbona Baba Eliya alituambia bado haiwezi?"

Nilibadilisha gia.

"Mushike mutoto vizuri, Mama," nilisema. "Kona inayokuja ni mbaya."

Akamvuta mtoto kifuani.

Hapa Kabonga mvuvi mmoja, Mkristo mwenzetu, amewapeleka kwa miguu upande wa Tanzania. Kabla ya kuondoka Mama Eliya alinishika mikono yote miwili. "Murakoze cane, Fundi, asante sana. Mungu atakulipa."

Nimekaa na neno hilo tangu saa sita.

Najaribu kujiambia kwamba injini imevumilia kwa sababu nilimaliza rodaje. Nimejiambia hivyo mara nyingi leo. Lakini fundi anasikia, na mimi niliisikia: ilikuwa tayari Jumatatu. Na hata kama haikuwa tayari, hata kama ingekamata, ingekamatia hapa karibu na Kabonga. Mwalimu angeshuka, angefunga mlango, angetembea na watoto wake. Injini ingebaki njiani imekufa, na mimi ningechekwa mpaka uzeeni.

Mvuvi amerudi. Anasema wamefika, wamekaa kwenye nyumba ya kanisa, watalala hapo. Anasema njia ni nusu saa.

Nimeacha ufunguo juu ya kiti cha gari. Naenda huko kabla jua halijashuka, nikamjibu lile swali lake la njiani. Mungu anajua tayari. Mama Eliya bado.