Vyumba vya Kogo Taprandich

Kwa Kogo Taprandich,
Nyuma ya kituo cha majani,
Njia ya Litein.
Septemba 14.

Kwa baba yangu mpendwa, Mzee Omosa,

Tata, nakusalimu sana, wewe na mama. Natumaini mko wazima huko Keroka, mgongo wako umetulia, na yule ng'ombe mwekundu ameacha kupiga mateke akikamuliwa. Mimi ni mzima kabisa. Mvua huku haijaamua kuacha, lakini wewe umeimaliza miaka yako yote ya kazi huku, sina haja ya kukueleza mvua ya Kericho.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Nimeandika kwa sababu nakujua. Kwenye simu ningefika katikati, wewe ungeanza kutoa amri, mimi ningeanza kusema ndiyo Tata, ndiyo Tata, na habari ingeishia hapo. Gekara, yule jirani yetu wa Keroka, anakuja huko Jumapili na amekubali kukukabidhi barua hii mkononi. Tafadhali isome mpaka mwisho kabla hujamwita mama.

Unakumbuka nilivyokuambia mwezi wa sita kwamba kampuni inabomoa kambi yetu ya zamani, kwa kuwa siku hizi mashine ndizo zinazochuna chai na wachumaji wamebaki wachache. Sisi wengine tuliambiwa tuwe tumetoka kufikia mwisho wa Agosti, kila mtu aongezewe pesa kidogo ya nyumba na ajitafutie mahali. Ulisema nikipata nyumba nyingine ya kampuni niingie haraka, na nikikosa nirudi nyumbani, maana mshahara wa karani wa kupokea majani hauwezi kulisha mwenye nyumba na mwenye matatu kwa wakati mmoja. Nilinyamaza, ukafikiri nimekubali. Kumbe nilikuwa nimekasirika sana, Tata. Kazi hii nimeitafuta kwa miaka, na sikuwa tayari kuiacha kwa ajili ya paa.

Basi nikaanza kutafuta, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui kutafuta nyumba. Nani angenifunza? Babu alipewa nyumba na kampuni, wewe ukapewa na kampuni, mimi nikazaliwa humo. Siku ya kwanza nilikwenda mjini Kericho, mtaa wa Nyagacho, nikaonyeshwa chumba kizuri chenye sakafu ya simiti na taa. Nikamuuliza mwenye nyumba kuni hugawiwa siku gani, na kitasa kikiharibika naandikisha ofisi ipi. Yule mzee alinitazama kwa huruma. Kisha akamwita mke wake aje asikie. Walicheka mpaka wakashika ukuta, na mimi mwenyewe nikacheka, ingawa nilikuwa nauliza kwa dhati.

Dolphine, yule rafiki yangu wa chumba cha kunyaushia majani ambaye kwao ni Homa Bay, ndiye aliyenipa akili. Aliniambia nisipange nyumba kwa macho, nipange kwa miguu. Mahali ninapopapenda nikalale kwa mtu usiku mmoja, halafu asubuhi nitoke hapo niende kazini kama mkaaji. Nilikuta ni maneno ya maana, na kwa mwezi mzima nikawa mgeni wa watu.

Nilianza kwa Dolphine mwenyewe, hapo hapo Nyagacho. Maji yapo, soko lipo, na jioni kuna watu wa kuongea nao. Lakini zamu ya alfajiri ilinionyesha. Tulisimama barabarani kwenye ukungu tukisubiri gari lijae, na dereva hakuwa na haraka yoyote na maisha yetu. Nilipiga hesabu ya kodi ya mjini na nauli ya kwenda na kurudi, nikaona nitakuwa nafanya kazi ili nifike kazini.

Kisha Kepher, dereva wa lori la majani, akanisifia Sigowet. Alisema huko kwa pesa ya chumba kimoja cha mjini unapata nyumba nzima na mahali pa kupanda sukuma. Ni kweli kabisa. Nililala kwa Christabel tunayeimba naye kwaya, nyumba kubwa mpaka sauti inarudi. Ila asubuhi nilibadilisha gari Kericho na bado nikafika kazini wakati wakulima wamepanga foleni na magunia yao, wananitazama. Meneja akaangalia saa yake tu. Sigowet nikaiaga na sukuma zake.

Litein ndiyo iliyonishika. Kuna chumba juu ya duka la vyombo, barabara iko chini ya dirisha, bodaboda wanakupigania, na kiwanda si mbali. Kodi ilikuwa inaumiza kidogo lakini inabebeka. Ila siku ya soko niliposhuka ngazi nikakuta mtu ametandaza viatu vya mitumba kwenye ngazi yenyewe, na akaniomba nipite kwa uangalifu nisimchafulie mali. Bado ningekichukua, Tata, kwa sababu Agosti ilikuwa inayoyoma. Nilikuwa nimeshapanga kulipa Jumatatu.

Jumapili hiyo Kepher akanipigia simu. Aliniambia kuna mama mmoja mzee, mkulima wetu, ana vyumba nyuma ya nyumba yake karibu na kituo cha majani, vimekaa bila mtu tangu mwalimu aliyekuwa akipanga ahamishwe. Hajatangaza popote kwa sababu hapendi wapangaji wa kuletwa na madalali. Nikavaa gambuti nikaenda. Nilipofika getini na kuona ni nani anayefungua, nilitamani kurudi nilikotoka.

Huyo mama ni Kogo Taprandich. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na kila mtu humwita hivyo, hata chifu. Mwezi wa saba mimi ndiye niliyerudisha majani yake. Alileta gunia limejaa mashina marefu na majani magumu, mvua inanyesha, foleni nyuma yake inanung'unika. Akaniambia yeye alikuwa anauza chai kabla mama yangu hajazaliwa. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba kiwanda kinataka majani mawili na chipukizi, hata kama muuzaji ni nyanya yangu mwenyewe. Tulimwaga gunia lote juu ya meza, nikakaa naye tukachambua. Nusu yake nikamrudishia. Aliondoka bila kuniaga.

Sasa akasimama getini akanitazama kuanzia gambuti mpaka kichwani. "Si wewe ndio ulirudisha majani yangu?" akauliza. Nikasema ni mimi. Sikuomba msamaha, maana yale majani yalikuwa mabaya na yeye anajua. Akaingia ndani, na mimi nikajua mambo yameisha. Akatoka na kikapu. Alinielekeza kwenye shamba lake, akasema kama nataka chumba nikachune kikapu kijae, halafu yeye ndiye atakuwa karani.

Tata, nilichuna. Kwa zaidi ya saa nzima nilikuwa kwenye ile mistari, mikono inakumbuka vile mama alivyonifundisha nikiwa mdogo, mgongo ukilia. Niliporudi, Kogo alikuwa ameweka meza uani na kujifunga kanga kiunoni. Alimwaga majani yangu yote, akachambua moja moja, taratibu, akifurahia kila dakika. Akapata majani mabaya ya kujaa kiganja kimoja. Alikiinua juu akaniita karani, akaniuliza hiki ni nini. Nikasema ni uzembe. Akacheka kicheko kirefu, akanishika mkono akaniingiza jikoni, na chai niliyopewa huko ilikuwa nzito ya maziwa kama ya siku za sherehe.

Tukiwa tunakunywa, aliniambia kwamba wapangaji wengi wamemlilia kwa maneno matamu na mwisho wa mwezi wakampa hadithi. Mtu aliyekataa kumpendelea mbele ya foleni nzima, alisema, hawezi kumpa hadithi. Akataja kodi. Ni chini ya Litein na juu kidogo ya Sigowet, na nauli hakuna, hata shilingi. Kuna njia ya miguu inayoshuka katikati ya chai, inavuka kijito kwenye daraja la mbao, na kutokea nyuma ya kiwanda. Niliijaribu kesho yake alfajiri kwenye mvua kubwa. Nilifika, nikabadilisha soksi, nikanywa chai, na ndipo Dolphine akaingia analalamikia gari. Sijui kama nimewahi kujisikia mkubwa hivyo maishani.

Najua kinachokusumbua unaposoma hapa. Unakumbuka mwaka ule wa fujo za uchaguzi, na umesema mara nyingi kwamba nyumba ya kampuni angalau ina askari getini, na sisi watu wa kutoka Kisii tusijisahau. Sijasahau. Nilimuuliza Kogo waziwazi kama majirani wake watanivumilia. Alifikiri kidogo, hakunijibu haraka kama mtu anayetaka kodi. Akasema anayetaka kunisumbua itabidi apite mlangoni kwake kwanza, na yeye hajalala vizuri tangu mumewe afariki, kwa hiyo atamsikia. Jumamosi iliyopita, siku yetu ya Sabato, mwenyewe alinisindikiza mpaka barabarani nikienda kanisani, akanitambulisha kwa kila tuliyekutana naye kwamba huyu ndiye yule karani mkali, sasa ni wa kwangu.

Nimehamia tangu wiki ya mwisho ya Agosti. Sasa, Tata, kaa vizuri, kwa sababu nimebakiza jambo moja ambalo sijakuambia, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Siku mbili kabla sijahama, meneja aliniita ofisini. Nimepandishwa. Mimi ndiye msimamizi wa mapokezi ya majani yote ya wakulima, na makarani wote wa vituo wako chini yangu. Na kazi hiyo ina nyumba yake. Unaijua. Ni ile ya mawe juu ya kilima, yenye bomba la moshi na maua ya waridi, uliyokuwa ukiipelekea kuni ukirudi unatuambia ina vyumba vitatu na maji ya moto. Meneja aliweka ufunguo juu ya meza. Hakuna kodi, hakuna stima ya kulipa. Nilimwomba anipe mpaka kesho yake.

Kazi nimeikubali. Nyumba nimeikataa.

Usitupe barua, soma. Nilipofika miaka kumi na minane, mkubwa wa kambi alikuja mlangoni akakuambia mtoto mkubwa haruhusiwi tena kulala humo, na wewe, baba mwenye nyumba, ukanifungia nguo zangu kwenye shuka. Ulipostaafu, ulitoka maharagwe ya mama yakiwa kwenye maua, ukasaini kwamba umerudisha ufunguo. Na tangu niajiriwe, umekuja kuniona mara ngapi? Ulikuja mara moja, askari wa getini akakuandika jina kama mtu asiyejulikana, akakuambia wageni mwisho saa kumi na mbili. Umefanya kazi pale maisha yako yote, Tata. Niliona uso wako siku hiyo. Hukurudi tena, nami sikuwahi kukulaumu.

Nyumba ya mawe ina geti lile lile.

Kwa Kogo nimepanga vyumba viwili vilivyoshikana, kila kimoja na mlango wake wa nje. Dolphine alinicheka, akauliza msichana mmoja anataka milango miwili ya nini. Yeye hajui desturi zetu, kwamba baba hapiti chumbani kwa binti yake kwenda kulala. Kwa hiyo chumba cha upande wa shamba nimekitia kitanda, godoro jipya, na blanketi zito. Hakina mtu. Nimemwambia Kogo ni cha baba yangu, na amenijibu kwamba anataka mzee mwenzake wa kubishana naye kuhusu bei ya chai.

Nisalimie mama sana, umwambie nguo ya zambarau aliyonitumia imenienea. Msalimie mdogo wangu Vinny na umhimize shuleni. Wasalimie wazee wote wa kanisa, na yule anayeuliza kila mara nitaolewa lini mwambie nina shughuli. Mungu awalinde mpaka tuonane uso kwa uso.

Njoo wakati wowote, Tata, na ukae utakavyo. Ufunguo wako nimempa Gekara, uko ndani ya bahasha hii.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Phelis Mongina Omosa